Kijikono cha Kushoto

Jumamosi, 9 Septemba 2017

Gari la kaka yangu limefika Irving leo mchana, juu ya trela, limefunikwa turubai kama maiti. Mselem, binamu yetu anayeendesha malori, ndiye aliyelileta kutoka Houston. Tangu mwanzo nilimwambia Mama silitaki. Akanijibu, "Kama gari haliji, nami narudi Houston." Arudi wapi? Nyumba yao ililala na maji hadi madirishani. Basi limekuja, na mimi na mdomo wangu nimelifungulia gereji.

Ni Humber la mwaka 1934, jeusi, silinda sita, boneti ndefu kuliko jiko langu, na usukani uko kulia kama magari ya kwetu. Marehemu baba aliendesha moja la namna hiyo Unguja alipokuwa dereva wa Mzungu wa serikali. Abdulhafidh alikua akisikia sifa zake mpaka zikamwingia kichwani. Alipolikuta linauzwa Houston alilia, mtu mzima na ndevu zake. Akawa analikodisha kwa maharusi, na Wanaijeria walilipenda sana.

Usiku wa tufani, mwezi uliopita, alikuwa ndani yake. Walilivuta kutoka chini ya daraja maji yalipopungua.

Magari ya zama zile hayakuwa na taa za indiketa. Yalikuwa na kijikono kila upande, katikati ya milango. Ukitaka kukata kona kinachomoka na kusimama, mtu wa nyuma akuone unakwenda wapi. Kijikono cha kushoto cha gari hili kimesimama. Mselem alitaka kukirudisha ndani, Mama akampigia kelele akiache kilivyo.

Jumapili, 10 Septemba

Zamu mbili kazini. Nimerudi, nyumba nzima inanuka tope.

Jumanne, 12 Septemba

Nyumba yangu ya vyumba viwili sasa ina wanawake watatu. Mimi Zuwena, ninayewaogesha wazee wa watu karibu na uwanja wa ndege kisha narudi kugombana na wangu. Mama, Bi Mwatime. Na Hadiya wa kaka yangu, miaka kumi na moja, aliyefiwa na mama yake mwaka juzi na sasa na baba.

Mama ana neno moja tu siku hizi. Analisema akikuna nazi, akikunja kanga, akitoka kuswali: "Nilimwelekeza vizuri, Zuwena."

Jioni ile ya tufani yeye na Hadiya walikwisha kuhamishiwa kwa mwalimu wake wa darsa, mtaa wa juu usiofika maji. Abdulhafidh alibaki kuliokoa gari. Maji yalipoingia gereji akalitoa, akapiga simu kuuliza njia, maana hakuwahi kufika kwa mwalimu yule na ramani ya simu ilikuwa imekufa. Mama hasikii vizuri kwenye simu. Kwa hiyo Hadiya alishika simu, Mama akawa anasema na mtoto anafikisha.

"Nilimwelekeza vizuri. Akifika kipilefti anyooshe, nyumba ya kona, geti jeupe. Mtoto gani wa Unguja asiyejua kipilefti?"

Namwambia, ndiyo Mama. Hadiya kila akiyasikia haya huondoka chumbani.

Alhamisi, 14 Septemba

Jambo moja jema katika balaa hili. Mtoto huyu zamani ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, tena cha puani. Sasa ni Kiswahili kitupu. Akikosa neno anauliza. Jana, "Shangazi, kizingiti ni nini?" Leo, "Na kiambaza?" Nimemwambia ni ukuta wa udongo, hata mimi kiambaza nimekiacha Unguja. Mama anasema msiba umemrudishia ulimi wake.

Jumapili, 17 Septemba

Mselem alikuja kula. Alingoja Mama aende kutia udhu wa alasiri, ndipo akasogeza kiti.

"Zuwena, kuna jambo. Bora ulisikie kwangu kuliko barabarani."

"Sema."

"Kuna Mmeksiko mmoja anakaa pale kwenye njia panda ya lile daraja, ghorofa ya pili. Aliona kila kitu. Anasema gari lilikuja polepole. Likafika pale, likasimama. Kaka akatoa kile kijikono. Aka-turn left, akashuka chini ya daraja, taratibu, kama mtu anaingia kwake. Yule jamaa alipiga kelele, aka-wave na tochi, wapi."

"Hakuona maji. Ilikuwa usiku."

"Taa za barabarani zilikuwa zinawaka. Na mbele yake kulikuwa kukavu. Nani anaacha njia kavu, anaingia kwenye maji na indiketa juu?"

"Unataka kusema nini, Mselem?"

"Mimi sisemi. Watu ndio wanasema. Lisemwalo lipo..."

Nikamwambia amalize sahani yake aende zake. Ndugu yangu nampenda, lakini methali nyingine mtu azimeze pamoja na wali.

Tulikuwa tumeambiwa, na ndiyo iliyotushika tusianguke, kwamba aliyekufa maji ni shahidi, pepo ni yake. Lakini aliyeyaingia maji kwa kusudi? Neno lenyewe sitaki kuliandika. Tangu mkewe afe Abdulhafidh alikuwa mtu wa kunyamaza. Siku ya Idi ya Ramadhani, nilipokwenda kwao, nilimkuta amekaa ndani ya gari hilo, injini imezimwa, mikono juu ya usukani. Nilimwita kwa chakula, akasema anakuja, akakaa. Nilicheka nikasema huyu ameoa gari. Sasa nakiona kile kikao kwa jicho jingine.

Nilipogeuka Mama alikuwa mlangoni, uso na mikono vinadondosha maji ya udhu.

"Mimi nimeyasikia Houston kabla yako," akasema. "Ndiyo maana nakwambia nilimwelekeza vizuri."

Hapo ndipo nilipolielewa lile neno lake. Nilidhani anajitetea. Kumbe anahesabu: kama njia alipewa sawa, na njia kavu ilikuwa mbele yake, basi kilichompeleka kushoto ni moyo wake. Kila akilisema anamhukumu mwanawe.

Jumatatu, 18 Septemba

Sikulala. Sina la kuandika.

Jumatano, 20 Septemba

Mashine ya kufulia iko gereji, siwezi kuikwepa. Vioo vya gari vina ukungu kwa ndani. Nimevifuta asubuhi, jioni nimekuta ukungu umerudi. Na mlio: tik, kimya, tik. Mara nasikia kama maji yanajongea chini ya viti. Kijikono kimeelekea mlango wa jikoni, yaani sisi. Nimetia nguo kwenye mashine nikitembea kinyumenyume, mwanamke wa makamo na akili zake timamu.

Mama yeye anakwenda kukaa nalo. Anaweka kigoda, anafukiza ubani, anasoma Yasini. Nimemuuliza haogopi? Akasema, "Nimwogope mwanangu?"

Jumamosi, 23 Septemba

Marie-Rose, Mrundi ninayefanya naye kazi, amemleta mumewe Egide alitazame gari. Egide siku za wiki yuko ghala, Jumamosi anatengeneza magari ya watu kwao Carrollton. Alimwamkia Mama "shikamoo" kwa heshima zote, akavua viatu, nikamwambia avae, gereji si msikiti.

Alifungua boneti akachungulia. Kisha akasema injini ni ya watu waliojua kazi, ikikaushwa na kusafishwa itazungumza tu. Mlio ni chuma kinapanuka kwa joto. Ukungu ni maji yaliyonyweka kwenye viti. Nilitamani kumkumbatia.

Nikamuuliza kijikono. Pengine mafuriko ndiyo yaliyokiinua?

Egide akatikisa kichwa. "Hapana, dada. Hiki kinavutwa na umeme. Kuna swichi hapa kwenye usukani, kama dereva hakuisukuma hakiwezi kutoka. Tope limekikamata vile tu kilikuwa. Ni yeye alitoa hii."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Alisema ahsante mwanangu, akaingia ndani.

Jumapili, 24 Septemba

Joto. Mama hakula.

Alhamisi, 28 Septemba

Nimegundua Mama amebadili dua. Alikuwa akimwombea Abdulhafidh daraja ya mashahidi. Sasa anamwombea msamaha, tena kwa sauti ndogo, kama mtu anayeficha kitu chini ya godoro. Nimekwenda bafuni nikafungua maji nilie. Nimemkasirikia kaka yangu. Nimemwambia mbele ya kioo, ungetufikiria japo sisi.

Jumamosi, 30 Septemba

Naandika nikiwa nimekaa kitandani na mlango nimeufunga.

Egide alikuwa aje saa nne na betri, safari hii peke yake. Saa nne na nusu akapiga simu: amepotea, ramani inampeleka uchochoro wa nyuma. Mikono yangu ilikuwa kwenye unga. Nikamwambia Hadiya amwelekeze. Hadiya akasema, "Sitaki," akaweka mikono nyuma. Sijawahi kumsikia akinikatalia. Basi nikamsogezea Mama simu kwa kiwiko, naye akaipigia kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto: "Mwanangu, ukifika kipilefti nyoosha! Kipilefti, kisha nyoosha!"

Egide akasema sawa mama. Akapotea tena, mpaka chapati zikaiva. Alipofika jasho linamtoka.

"Mama, umenitesa! Umesema keep left, mimi nime-keep left, nikaingia left, nimefika kwenye parking ya kanisa, watu wana harusi. Wakadhani nimeleta maua."

"Nani kakwambia uende kushoto? Nimesema kipilefti!"

"Si ndiyo hiyo, keep left?"

Ikabidi nimweleze kwamba kwetu kipilefti ni ule mzunguko wa barabarani, pale magari yanapozunguka, kama huu ulio mwanzo wa mtaa wetu. Wazee walilichukua neno kutoka kibao cha Waingereza, wakalifanya letu, tukawa na kipilefti na vipilefti. Egide akashika kiuno. "Mimi nimekulia kambini Kigoma, dada. Tulikuwa na njia moja ya vumbi. Kipilefti ningekiona wapi?"

Tukacheka. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kuingia nyumba hii tangu tufani, na mimi nilikuwa nimekwisha kukifurahia nilipoona kiti cha Hadiya kitupu.

Nilimkuta gereji, ndani ya gari, kiti cha mbele cha kushoto ambacho katika gari hili ni cha abiria. Nikaingia upande wa usukani, nikafunga mlango. Nilikuwa sijapata kukaa mle.

"Shangazi," akasema, "kipilefti ni roundabout."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi sikujua. Bibi alisema kipilefti, anyooshe. Nikamwambia Baba, keep left, then go straight. Baba akaniuliza, 'Left? Are you sure?' Nikasema, yes, Grandma says keep left."

Kama kaka yangu angesikia sauti ya mama yake mwenyewe angejua, maana neno ni la kwao. Lakini alilisikia kwa Kiingereza cha mtoto wa Texas, safi, lisilo na kosa. Akafika njia panda, akatoa ishara kama baba yetu alivyomfunza, akashika kushoto kama alivyoambiwa na mama yake.

"Umejua lini?"

"Msibani. Mama mmoja alisema gari lao limekwama kwenye kipilefti. Nikamuuliza ni nini. Akanionyesha kwa kidole hivi, akizungusha."

"Na hukumwambia mtu."

"Hapana. Nikijua Kiswahili chote, sitamkosea mtu tena." Halafu akanishika mkono wa nguo. "Usimwambie Bibi. Bibi atanichukia."

Nimemwapia kwamba bibi yake hawezi. Lakini nimemwahidi kunyamaza, na nilipotoka gereji Egide aliniuliza kama naumwa.

Jumapili, 1 Oktoba

Kaka yangu hakujiua. Nimeliandika lile neno, kwa kuwa sasa naweza. Nimemwomba radhi kwa yale niliyomwambia kwenye kioo.

Na siwezi kumwambia mtu. Nikimwambia Mama, nampa mwanawe shahidi kwa mkono huu, na kwa mkono huu nampokonya mjukuu. Zaidi ya hayo, neno lilitoka kinywani mwake yeye. Nikinyamaza, Mama anakwenda kaburini akimwombea msamaha mtu asiye na kosa. Nimezunguka na jambo hili kazini kutwa. Mzee mmoja nimemvisha soksi mbili mguu mmoja.

Jumanne, 3 Oktoba

Mama: "Nilimwelekeza vizuri." Hadiya akaenda chumbani. Nikamfuata mmoja kwa macho, kisha mwingine, nikaosha vyombo vilivyo safi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Arobaini ya Abdulhafidh.

Wanaume walisoma hitima msikitini. Wanawake walijaa kwangu mpaka kwenye ngazi, na mwalimu wa darsa alipanda gari alfajiri kutoka Houston. Pilau ilitosha. Hadiya alikuwa akipitisha kahawa na haluwa, kajifunga buibui la kuazima, watu wanamsifu adabu na Kiswahili chake.

Dua ilipokwisha Mama akasema, "Naomba neno." Sauti haikutetemeka. "Najua mnayosema. Mimi si kiziwi, ni simu tu sisikii. Kama mwanangu alijitendea, mimi niliyemzaa nimemsamehe. Nanyi nawaomba mumsamehe, mumwombee kama mnavyowaombea wenu."

Niliona siwezi tena kuishika ahadi yangu. Nikasimama. Hadiya akaniwahi. Aliweka sinia chini, kikombe kikapinduka.

"Bibi, Baba hakujiua. Mimi nilimwambia vibaya."

Akasema yote. Kipilefti, keep left, are you sure. Alisema akimtazama bibi yake peke yake, kama hatukuwamo. Mwisho akasema, "Ni mimi," akabaki amesimama pale, mikono imening'inia.

Nilimtazama Mama. Naujua uso ule. Kwanza ulifunguka, nikaona furaha, naapa niliona furaha: mwanawe amerudi safi. Kisha nikaona anasikia neno lake mwenyewe, analifuata lilivyotoka kwake likaenda. Kisha akamwona mtoto.

"Njoo hapa," akasema. Hadiya akapiga magoti mbele yake. "Umekosea, mjukuu wangu. Mimi sikusema kipilefti."

"Ulisema, Bibi."

"Sikusema. Nimekuwa nikisema hivyo hapa kwa sababu nilitaka iwe hivyo, mtu mzima naona haya. Usiku ule nilichanganyikiwa na mvua. Nilisema ashike kushoto. Wewe ulifikisha nilichokwambia. Aliyempoteza ni mimi."

"Bibi..."

"Wallahi nilisema kushoto."

Mama haapi. Alituchapa utotoni kwa kuapa, hata tulipoapia kweli. Na mwalimu wa darsa alikuwamo chumbani usiku ule wa tufani, alisikia kila kitu. Wote tulimgeukia. Yule mwanamke aliinamia tasbihi yake muda mrefu.

"Nyumba ilikuwa yangu," akasema hatimaye. "Mama mtu alimwelekeza, na kijana akamtii mama yake. Mfa maji ni shahidi. Tumsomee Fatiha."

Tukasoma. Nimewahi kusoma Fatiha nyingi, lakini ya leo ilinishinda katikati, nikaimalizia moyoni.

Jumapili, 8 Oktoba

Watu wameondoka. Egide amekuja na trela kulichukua gari. Mama amemwambia alitengeneze, likabebe tena maharusi.

Nilimkuta jikoni peke yake, akichambua mchele.

"Mama, kwa nini ukaapa? Ungesema tu, angekuamini."

"Asingeniamini. Ana akili kama baba yake." Akapeperusha ungo. "Ng'ombe haelemewi na nundu yake, Zuwena."

"Na kiapo?"

"Kina kafara. Kulisha maskini kumi, na asiye nacho afunge." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikaona ule utani wake wa zamani. "Nyumba yangu imezama, nakula kwako. Mimi mwenyewe ni maskini wa kumi na moja. Nitafunga siku tatu."

Jumatatu, 9 Oktoba

Mama amefunga. Hadiya aliuliza, nikamwambia Jumatatu ni sunna.

Jumanne, 10 Oktoba

Upepo wa baridi umeingia, wa kwanza mwaka huu. Mama amefunga.

"Jumanne si sunna, Shangazi," Hadiya akasema. Nikamwambia anywe chai yake, basi la shule linafika. Akainywa akimtazama bibi yake kupitia mlango, kama anayehesabu siku.

Jumatano, 11 Oktoba

Siku ya tatu ya funga ya Mama, na asubuhi Hadiya naye hakugusa mkate. Akasema tumbo. Alasiri karudi, mfuko wa chakula cha shule haujafunguliwa, midomo imekauka. Nikampa maji, akasema hana kiu. Mama alikuwa kwenye mswala. Aliinua macho, akaona gilasi ilivyojaa, akayarudisha chini.

Magharibi niliweka tende na uji. Mama akachukua tende moja, akaitoa kokwa, akamtilia Hadiya mdomoni. Kisha akala yake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amefungia nini.